Sauti Imetunzwa, Maneno Je?

Ndugu zangu wa kalamu, naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka saba au minane hapa Manzese, sisi watoto wa uchochoroni tulikuwa mafundi wa tiara. Mkia wa tiara unataka kitu chepesi, kirefu, kinachong'aa juani, na utepe wa kanda ndio wenyewe hasa. Sasa chini ya kitanda cha mjomba kulikuwa na boksi la kanda. Mjomba aliwahi kuwa na kibanda cha kurekodi: unampelekea kanda tupu na orodha ya nyimbo zako, kesho yake unafuata mzigo. Zama zikamkimbia, kibanda kikageuka cha kuchaji simu, kanda zikalala chini ya kitanda. Basi tukazirusha angani. Kanda moja mikia minne.

Mjomba aliporudi hakumpiga mtu. Alikaa kizingitini, akalishika ganda tupu la kanda, akauliza tu, "Ile ya Urafiki mmeiacha?" Sisi hata hatukujua kwamba Urafiki ilikuwa bendi. Tulijua ni kiwanda.

Swali lile limenirudia mwaka huu. Dada mmoja anayesoma Chuo Kikuu pale Mlimani, mteja wetu wa siku nyingi pale ninapokaanga chipsi, aliniazima diski tatu kwa wiki mbili, kwa sharti kwamba zisije zikaguswa na mafuta. Ni diski za Zanzibara. Mfululizo huu unatolewa na Buda Musique, kampuni binafsi ya muziki ya huko Paris, ileile iliyojijengea jina kwa mfululizo wa Éthiopiques wa muziki wa zamani wa Ethiopia. Anayechagua nyimbo ni Mjerumani, Werner Graebner, mtu aliyeufuatilia muziki wetu miaka mingi na ambaye mwaka 1992 alihariri kitabu kinachoitwa Sokomoko, juu ya sanaa pendwa za Afrika Mashariki. Diski za kwanza zilitoka 2005. Namba 1 ni Ikhwani Safaa wa Unguja, namba 2 ni taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, namba 4 ni Bi Kidude. Mimi niliazimwa zile za dansi: namba 3, Ujamaa, yenye muziki wa miaka ya 60, namba 5, Hot in Dar, ya 1978 hadi 1983, na namba 7, Sikinde vs Ndekule, ya 1984 hadi 1987.

Kwetu hakuna kitu cha kuchezea diski, na mtaa mzima ni hivyohivyo. Ilibidi nimwombe mshikaji wangu mwenye kibanda cha stationery karibu na daraja, ana kompyuta ya kizamani ambayo bado ina mdomo wa kumezea diski. Kwa hiyo nilisikiliza huku watu wanaprinti barua za kuomba kazi na mabasi ya mwendokasi yakipita. Nadhani si mahali pabaya pa kusikilizia dansi la Dar es Salaam.

Tuseme ukweli kwanza: kazi imefanyika. Kanda za mjomba zilikuwa kopi ya kopi ya kopi, zilizotolewa redioni na kupitia mashine tatu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Humu ndani gitaa la besi linatembea kwa miguu yake yenyewe. Unasikia tumba, unasikia ridhimu inavyoikata solo, unasikia tarumbeta na saksafoni zikiingia kama watu waliochelewa arusini lakini wamevaa vizuri. Niliwahi kuamini kwamba wazee walikuwa na vyombo vibovu. Kumbe vibovu vilikuwa vyombo vya kwetu vya kusikilizia!

Na ukizisikiliza kwa kufuata namba, unaona jambo ambalo redio haikuonyeshi, kwa sababu redio huzichanganya zote ikaziita zilipendwa, basi. Nyimbo za Ujamaa ni fupi, za kimo cha santuri ndogo: dakika tatu, maneno machache, Kuba iko karibu sana masikioni. Hizo ndizo zama za kina Kilwa Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, na Nuta Jazz iliyoanzishwa 1964. Ukifika Hot in Dar, wimbo umerefuka na umegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unakwenda taratibu, mtu anaeleza shida yake toka mwanzo. Halafu linaingia chemko, magitaa yanakaza mwendo, na wewe uliyekuwa unasikitika unakuta miguu inacheza. Hili la kumlilisha mtu na kumchezesha kwa msiba uleule, wangapi kati yetu tunaoandika hadithi tunaliweza?

Mimi naandika riwaya. Iko sura ya sita na inanishinda, lakini hilo tuliache. Ninachosema ni kwamba katika wiki mbili hizo nilijifunza zaidi kuanza hadithi kutoka kwa bendi hizi kuliko kutoka kwa vitabu kadhaa nilivyosoma. Sisi tunapenda kuanza na jua linachomoza, ndege wanalia, kijiji kiko kando ya mto. Watunzi wale hawakuwa na muda huo. Wanaanza mtu ameshafukuzwa, mke ameshaondoka, barua imeshafika. Wanaita jina, na jina lenyewe linakuwa ndio wimbo. Fikiria Georgina. Fikiria Zuwena, Neema, Mwanameka. Huambiwi Zuwena ni nani wala alizaliwa wapi, lakini kila mtu mwenye miaka zaidi ya hamsini hapa Manzese anazungumza habari zake kama za jirani aliyehama. Marijani Rajabu alifariki 1995, kabla mimi sijazaliwa, na wahusika wake bado wanaishi mtaani. Ni waandishi wangapi wa riwaya wa nchi hii wenye bahati hiyo? Rosa Mistika wa Kezilahabi, ndiyo, na huyo alipata bahati ya kuwekwa kwenye kitabu mwaka 1971, kitabu kikachapwa tena na tena.

Hapo ndipo ugomvi wangu na diski hizi unapoanzia.

Nimefungua kijitabu kilichomo ndani. Kimechapwa vizuri, picha za zamani, historia za bendi, nani alikuwa nani. Kimeandikwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kimebaki kwenye majina ya nyimbo na ya watu. Simlaumu mwenye kampuni. Anauza Paris, wateja wake wanasoma Kifaransa. Lakini hebu tazama ajabu yake: nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili ili mpagazi wa Kariakoo azielewe, leo zimetunzwa vizuri kuliko wakati wowote, na mjukuu wa mpagazi yule ndiye asiyeweza kusoma maelezo yake. Mimi Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinivusha kwa kupapasa. Mjomba asingevuka.

Tena si lugha tu. Mtu wa Paris akisikia nyimbo hizi anasikia sauti, magitaa, mirindimo. Anafurahi, ana haki. Lakini nusu ya kazi ilikuwa kwenye maneno, na robo nzima ilikuwa kwenye mafumbo. Chukua namba 7, ambayo kwangu ndiyo diski bora kuliko zote tatu. Jina lenyewe limekaa sawa: Sikinde na Ndekule, kama Simba na Yanga. Mlimani Park ilianza 1978, ikaja kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na mtindo wake ni Sikinde. Mwaka 1985 mwenye bendi ya Safari Sound alivunja ukuta akachukua wanamuziki wa Sikinde, Muhiddin Maalim Gurumo akiwemo, na hiyo Safari Sound ikaja na mtindo wa Ndekule. Mji ukagawanyika. Wazee wanasimulia mpaka leo nani alimkimbia nani, nani alipigwa kijembe katika wimbo gani. Mwenye kuyajua hayo akiisikiliza diski hii anasikia watu wakigombana mbele za watu kwa adabu zote. Asiyeyajua anasikia muziki mzuri sana. Ni vitu viwili tofauti, na ni kimoja tu kilichotunzwa.

Niseme na hili la majina, hata kama mtaniona mchokozi. Zanzibara ni neno la akili, Zanzibar na bara vimeunganishwa kwa herufi moja. Lakini Juwata ya Dar es Salaam ina uhusiano gani na Zanzibar? Naona mimi kwamba Zanzibar ni jina linalouzika kwa watalii, na Temeke si jina linalouzika. Vivyo hivyo Ujamaa. Azimio la Arusha ni la mwaka 1967. Miaka ya 60 ilikuwa imeshakwenda zaidi ya nusu, na watu walikuwa wanacheza chacha tangu ukoloni, Dar es Salaam Jazz ikiwa imeanzishwa tangu 1932. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, mfalme wa Morogoro, alifariki 1965, Azimio hakuliona kabisa. (Nyimbo zake ziko kwenye diski nyingine, Ngoma Iko Huku, iliyotolewa na Dizim mwaka 2000.) Ukiita muongo mzima Ujamaa, msikilizaji wa mbali anadhani kila gitaa lilikuwa linahubiri siasa, kumbe mengi yalikuwa yanamlilia mwanamke.

Halafu kuna pengo. Hili nimelipigia hesabu mwenyewe pale kwenye stationery. Diski ya kwanza ya dansi inaishia miaka ya 60, inayofuata inaanza 1978. Katikati pamebaki wazi! Na katikati hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipowaka kabla ya ajali iliyomuua Mombasa mwaka 1979. Hapo ndipo Safari Trippers ya Marijani, ndipo Afro 70 ya Patrick Balisidya. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Urafiki Jazz ya mjomba.

Niwakumbushe wa rika langu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, hapo jirani yetu kwenye barabara ya Morogoro, kilijengwa kwa msaada wa China kikafunguliwa 1968. Zamani hizo shirika au kiwanda kujiweka na bendi lilikuwa jambo la kawaida, chama cha wafanyakazi kilikuwa na yake, umoja wa vijana ulikuwa na yake. Urafiki nao wakawa na Urafiki Jazz, mtindo wao Chakachua, mwimbaji wao maarufu yule aliyeitwa Ngulimba wa Ngulimba. Neno chakachua leo tunalitumia kwa mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye dizeli na kwa kura zilizoibwa. Kumbe wazazi wetu walilicheza kwanza.

Sitaki kusema Graebner kaziruka kwa makusudi. Mtu anachapisha anachoweza kukipata, kwa ubora anaoweza kuuuza, na kwa haki anazoweza kupewa. Na kupata ndiyo kazi yenyewe. Kwa miaka mingi mlango wa karibu kila bendi ya Dar ulikuwa studio ya Redio Tanzania, barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere. Bendi inaingia na vyombo vyake, maneno yanakaguliwa kwanza yasije yakaleta balaa, inapiga nyimbo zake siku hiyohiyo, watu wote kwa pamoja, inaondoka. Kanda kubwa inabaki redioni. Kuzipata nyimbo hizo kwenye santuri kulitaka safari ya Nairobi, kwenye viwanda vya santuri. Na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Tazama hiyo miaka halafu tazama jalada la Hot in Dar. Ni miaka ileile! Muziki ulikuwa moto kweli, lakini njia ya kuutia kwenye santuri ilikuwa imezibwa, ukabaki kwenye kanda za redio na kwenye kopi za watu kama mjomba.

Na kanda ni kitu cha kufa. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, na sauti iko kwenye unga. Joto na unyevu wa pwani vinaulegeza, unga unabanduka, kila unapoupiga unabakiza kidogo kwenye mashine. Hata kuuhamisha kwenye kompyuta kunataka mashine ya kale iliyo nzima na fundi anayeijua, na vyote viwili vinazeeka. Mwaka 2012 kundi lililojiita Tanzania Heritage Project lilijitokeza kuchangisha fedha ili hazina ile ya redio ihamishwe. Ni jambo jema, ila lilinipa aibu kidogo kwamba ilibidi dunia ipitishiwe kofia kwa ajili ya Marijani wetu.

Wenzetu wa Nairobi wamefanya kwa mikono yao. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, muziki pamoja na kitabu na filamu, ikafuatiwa na kazi juu ya muziki wa Wakikuyu na nyinginezo. Watu wamekwenda vijijini kuwauliza wazee wenyewe. Kwa hiyo hoja kwamba kazi hii ni ya wazungu tu haina miguu.

Sasa sisi tunaingia wapi, sisi tusio na studio wala mashine wala nauli ya Paris? Nadhani tunaingia kwenye maneno. Siti binti Saad alisafirishwa mpaka Bombay mwaka 1928 akarekodiwa santuri. Alifariki 1950. Santuri zile zilivunjika, zikachakaa, zikatawanyika. Lakini mtoto wa shule asiyewahi kusikia hata moja anajua Siti alikuwa nani, alitoka wapi, alidharauliwa vipi na akashinda vipi. Kwa nini? Kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Hakuwa na kinasa sauti. Alikuwa na kalamu na masikio na adabu ya kuuliza.

Gurumo alifariki 2014. Hemed Maneti wa Vijana Jazz aliondoka 1990. Wasifu wa Marijani wa kulinganishwa na ule wa Siti mimi sijauona kwenye meza yoyote ya vitabu hapa mjini, na wala sijakutana na kitabu kilichokusanya maneno ya nyimbo zake yakiwa yameandikwa kama mashairi yanavyoandikwa. Sisi tunakaa kijiweni tunabishana nani mkali kati ya rapa huyu na yule, na hata hao wetu hatuwatunzi. Manzese hii imetoa Tip Top Connection. Nitafutieni leo kanda za vijana waliorap kwa Kiswahili miaka ya 90, kabla hata ya Tip Top. Nyingi zilishakuwa mikia ya tiara.

Basi nimeanza, na naeleza bila majivuno maana nimekwama mapema. Nilichagua wimbo mmoja tu katika namba 7. Nikanunua daftari la kurasa arobaini, nikakaa na spika za masikioni, nikawa nasimamisha, narudisha, naandika. Beti mbili za mwanzo zilichukua saa nzima. Ukiandika maneno unagundua mambo ambayo kucheza hakukuonyeshi: mtunzi yule alikuwa anahesabu mizani kama mshairi wa zamani, halafu kwa makusudi anaivunja pale mhusika anapokasirika. Hilo nimeliiba tayari, liko kwenye sura yangu ya sita.

Ila katika ubeti wa tatu kuna neno moja silipati. Limefunikwa na saksafoni. Nilimpelekea mjomba simu, akasikiliza amefumba macho, akasema ni jina la mtaa uliokuwa Kariakoo. Jirani yake, mzee mstaafu wa kiwandani, akanyang'anya simu, akasikiliza, akasema mtaa gani, hilo ni jina la mwanamke, na yeye anamfahamu. Mjomba akamwambia wewe siku zote ulikuwa mtu wa Ndekule, utajua nini habari za Sikinde. Wameanza saa kumi jioni. Mpaka namaliza kuandika makala haya taa zimeshawashwa, simu yangu imebaki asilimia nane, na neno bado halijaandikwa.